Mkono mmoja mzima: mama atembelee kifaa gani?

Barua

Habari zenu washauri,

Ninaandika kutoka Tororo kwa ajili ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 66. Mwezi wa tisa mwaka jana alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Mguu umerudi kiasi: anatembea ndani ya nyumba na kufika kwa jirani. Mkono wa kushoto bado. Vidole haviwezi kushika hata kikombe.

Tuna vifaa viwili. Cha kwanza ni gongo la mbao la kwapani lililoachwa na marehemu mjomba, ambaye alikuwa mrefu kuliko mama. Fundi alilikata kidogo, lakini bado linamfika juu kabisa kwapani. Analitumia upande wa kulia. Kwa kuwa lilikuwa linamuumiza, tuliliongezea sponji na kuzungushia kitambaa. Raba ya chini ilipokwisha, fundi alipigilia kipande cha tairi kwa misumari. Kifaa cha pili ni fremu ya bomba yenye miguu minne ambayo kaka yangu alituma kutoka Kampala. Mama akiinyanyua kwa mkono mmoja inageuka upande, kwa hiyo imekaa chumbani na kaka anaona tumedharau zawadi yake.

Sasa kuna wiki tatu vidole vya mkono wake wa kulia vinakufa ganzi, na akiinua birika kifundo kinakosa nguvu. Juzi baada ya mvua aliteleza barazani akaangukia goti. Na jirani mmoja mzee anasisitiza kwamba gongo linatakiwa kuwa upande wa mguu mgonjwa, ati tumekosea tangu mwanzo.

Tununue nini, tukipime vipi, na tukitunze vipi kisije kikamwangusha tena?

Binti yake, Tororo

Jibu

Pole sana dada, na mpe mama pole ya goti.

Tuanze na mkono wa kulia, maana ndio pekee alio nao mama kwa sasa, na kwa maelezo yako unaumizwa kila siku. Gongo la kwapani halikutengenezwa ili mtu aning'inie juu yake kwa kwapa. Uzito wote hubebwa na kiganja kwenye mshikio. Kile kipande cha juu kazi yake ni kubanwa kati ya mkono na mbavu lisiyumbe. Ndani ya kwapa hupita mishipa ya fahamu inayoshuka mpaka vidoleni. Mtu akiuegemeza mwili pale siku baada ya siku, mishipa ile hugandamizwa: vidole vinakufa ganzi, kisha kifundo kinalegea, na mwisho kiganja kinaning'inia hakiinuki. Birika linalomshinda mama linaendana kabisa na hali hiyo. Mara nyingi nguvu hurudi mgandamizo ukiondolewa, ingawa inaweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi. Ukiendelea, mkono unazidi kulegea.

Sponji mliyoongeza, kwa nia njema kabisa, imezidisha shida. Gongo lilikuwa refu tayari, nanyi mkaliinua zaidi. Gongo la kwapani lililopimwa sawasawa huacha nafasi ya vidole vitatu, yaani sentimita 4 hadi 5, kati ya kwapa na ncha ya juu, mtu akiwa amesimama na gongo limewekwa chini kama sentimita 15 pembeni na mbele ya mguu. Kwa hiyo kuanzia leo gongo hilo lipumzike.

Lakini, dada, mama alishapata kiharusi. Hatuwezi kusoma barua tukasema ganzi yote ni ya gongo. Mpeleke hospitali wiki hii apimwe mkono na presha, na asiache dawa zake hata siku moja. Ganzi au ulegevu ukija ghafla, au uso ukipinda, au ulimi ukawa mzito, hapo msingoje wiki wala kesho. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa jirani. Mzee ana nia nzuri ila amekosea, na kosa lake ni la watu wengi kwa sababu linaonekana kuwa na mantiki. Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima. Tunapotembea, mguu wa kushoto ukikanyaga mkono wa kulia ndio huenda mbele. Fimbo ikiwa kulia hufika chini pamoja na mguu wa kushoto, na uzito ambao mguu mgonjwa ungebeba peke yake unagawanywa kati yao wawili. Ikiwa kushoto, mwili mzima unainamia upande ule ule dhaifu. Kwa mama hakuna hata mjadala, mkono wa kushoto haushiki. Kulia mlikopatia ndiko kwenyewe. Kilichokosewa ni aina ya kifaa na kimo chake.

Fremu ya kaka ni kifaa kizuri kwa mtu mwenye mikono miwili inayoshika: aliyevunjika nyonga, mzee aliyeishiwa nguvu za magoti. Inanyanyuliwa na mikono yote miwili kwa usawa, ndiyo maana kwa mama inazunguka. Mwelezeni kaka hivyo hivyo, kwamba fremu haina kasoro, ni mkono wa mama ambao haujawa tayari. Ifunikeni, msiigawe. Mkono wa kushoto ukianza kushika, mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuirudisha.

Kinachomfaa mama ni fimbo, na hapa kuna mbili za kuchagua. Ya kwanza ni fimbo ya mguu mmoja. Ya pili ina mshikio mmoja lakini chini ina miguu minne midogo; inasimama yenyewe ukiiachia, na inambeba mtu ambaye bado anayumba. Kwa kiharusi cha miezi michache na mkono mmoja, wengi huanza na ya miguu minne. Ila ijueni tabia yake. Inataka sakafu tambarare. Miguu yote minne lazima iguse chini kwa pamoja. Kwenye murram yenye mawe au mteremko, miwili inagusa na miwili inaelea, na mtu akiiegemea inampindua. Halafu ina upande. Miguu yake miwili imejitokeza zaidi na miwili imesogea karibu na bomba. Iliyojitokeza ielekee nje, iliyo karibu ielekee kwenye mguu wa mama, asijikwae. Mshikio nao uwe umegeuziwa mkono wa kulia. Fimbo nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa kwa upande mmoja, na muuzaji asipokuwa mwangalifu mnaondoka na ya kushoto. Mara nyingi hurekebishwa kwa kubonyeza kitufe, kulichomoa bomba la chini, kuligeuza na kulirudisha. Hakikisheni dukani kabla ya kulipa.

Tungekuwa sisi, tungemwanzishia ya miguu minne ndani na barazani, na njia ya kwa jirani tungeisubiri mpaka atakapoimudu fimbo ya mguu mmoja huku mtu akiwa kando yake.

Kupima

Avae viatu vile vile anavyotembelea, na visiwe ndala. Ndala hutoka kwenye mguu uliolegea bila yeye kuhisi. Viatu vya kufunika kisigino, vyenye soli isiyoteleza. Asimame kama anavyosimama siku zote, akishikilia meza kidogo. Kama mgongo umeinama, muache uiname, msimnyooshe kwa ajili ya kipimo. Mkono wa kulia uning'inie umelegea. Chukua tepu, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale watu wanapovalia saa. Urefu huo ndio kimo cha mshikio, raba ikiwa imehesabiwa ndani.

Tuseme umepata sentimita 79. Fimbo ya bomba ina matundu yaliyoachana kwa kiasi cha sentimita 2 au 3, hivyo utachagua tundu lililo karibu zaidi, kisha uangalie kiwiko. Akishika fimbo, kiwiko kiwe kimekunjika kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Bega likipanda kuelekea sikioni, fimbo ni ndefu. Akiinamia upande wa fimbo, ni fupi. Macho yako hapo yana uzito kuliko tepu.

Mkiamua fimbo ya mbao, mwambieni fundi atumie mbao kavu, isiyo na fundo, nyuzi zake zikienda sawa toka juu hadi chini. Mbao mbichi hupinda ikikauka. Mshikio uwe wa kulala, mpana wa kujaza kiganja. Wa kichwa cha mviringo unapendeza machoni lakini unachoma kiganja kilichobeba uzito. Kabla ya kukata, toeni raba, geuzeni fimbo juu chini, mshikio ukae sakafuni kando ya kiatu cha mama, mtie alama penye mkunjo wa kifundo. Kisha fundi apunguze tena unene wa kitako cha raba, kwa kawaida sentimita 1 hadi 1.5.

Raba

Hapa ndipo mama alipoangukia, tusipite haraka. Pindua gongo lile utazame. Kipande cha tairi kikilika, vichwa vya misumari vinatokeza, na chuma juu ya saruji yenye maji hakina cha kushika. Zaidi ya hapo, tairi lililopigiliwa ni bapa na gumu, na lina nyuzi ndani. Pembeni halikumbatii mti, kwa hiyo fimbo ikiegemea kidogo inasimama kwenye ukingo tu. Raba ya dukani ni kikombe. Inavaa ncha ya bomba, kitako chake ni kipana, na chini ina miviringo iliyochongwa inayosukuma maji pembeni.

Raba zina saizi kwa upana wa bomba linaloingia. Zinazopatikana zaidi ni milimita 19, 22 na 25. Kupata saizi bila kifaa maalumu, zungusha uzi mara moja kwenye ncha ya bomba, upime uzi kwa rula, ugawe kwa 3.14. Uzi wa milimita 60 ni raba ya 19. Uzi wa 69 ni ya 22. Uzi wa 78 au 79 ni ya 25. Usikubali "hii itaingia tu". Ikiwa kubwa itabaki kwenye tope siku ya kwanza. Ikiwa ndogo haitafika mwisho, na itapasuka. Angalia pia ndani ya kikombe kama kuna kisahani cha chuma. Kile huzuia bomba lisikate kitako kama kisu cha kukatia maandazi. Kama hakuna, tafuta washa, yaani kile kipete bapa cha chuma kinachowekwa chini ya nati, ya upana huo uitie. Na ncha ya bomba ikiwa na ukali, fundi aipige tupa kwanza.

Kuvalisha, lowesha ndani kwa maji matupu, kisha sukuma huku ukizungusha mpaka bomba ligonge kitako. Usitumie sabuni wala mafuta, hubaki ndani na raba ikaanza kuchomoka. Nunueni za akiba: fimbo ya miguu minne hubadilishwa zote nne kwa pamoja, maana moja mpya kati ya tatu zilizolika inaifanya fimbo icheze.

Kila wiki, chagueni siku, pindua fimbo. Miviringo ikianza kufutika, badilisha. Ukiona ufa, badilisha. Ikiwa imelika upande mmoja tu, badilisha, kisha jiulize kwa nini: mara nyingi fimbo ni ndefu mno au mama anaitupa mbali pembeni badala ya kuiweka kama sentimita 15 kutoka kwenye mguu. Futa udongo mwekundu kila anaporudi ndani, kwa kitambaa chenye unyevu. Udongo ukikauka kwenye miviringo, raba inakuwa bapa hata kama ni mpya. Mafuta ya taa, vaselini na rangi ya viatu visiguse raba. Huilainisha na kuiozesha.

Fimbo yenyewe haina makuu. Kitufe cha springi kinatakiwa kuruka nje chote na kusikika "ta"; kikijificha nusu, safisha tundu kwa maji, kausha, tia tone moja la mafuta ya cherehani, futa yaliyozidi. Tundu likipanuka likawa kama yai, bomba hilo limekwisha. Alumini iliyopinda msiinyooshe na msiipeleke kwa mchomeleaji wa kando ya barabara. Ikinyooshwa hupata nyufa zisizoonekana, ikipata moto hulainika. Ya mbao pitisheni kitambaa cha pamba toka juu hadi chini. Kikinasa, kuna ufa au kibanzi. Ipigwe msasa na vanishi, ilale ndani pasipo mchwa.

Kutembea, kukaa, chooni

Mwendo wa mama uwe hivi: fimbo mbele kidogo, mguu wa kushoto uifuate usiipite, kisha wa kulia. Kwenye ngazi ya baraza, kupanda mguu wa kulia hutangulia, halafu fimbo na wa kushoto. Kushuka, fimbo na wa kushoto hutangulia. Mguu mzima ndio wenye nguvu ya kuuinua mwili na ya kuuteremsha polepole, kwa hiyo kazi hizo zote mbili ni zake.

Akikaa, arudi nyuma mpaka nyama za miguu yote miwili ziguse kiti, aiache fimbo, ashike mkono wa kiti, ashuke. Kuinuka vile vile, asukume kiti, asivute fimbo.

Wewe unayemsindikiza kaa upande wake wa kushoto, nyuma kidogo. Mfunge mshipi wa kitambaa kigumu kiunoni ushike hapo. Msimvute kwa mkono wa kushoto, hata kumwinua kitandani, hata kwa upendo. Misuli inayoshika bega hilo imelegea, na bega linaweza kuchomoka taratibu. Waambieni na wajukuu.

Kama anavaa gomesi, lile gauni refu la heshima, pindo lifupishwe lifike juu ya kifundo cha mguu. Pindo refu huingia chini ya raba wakati anapogeuka, na fimbo ya miguu minne inalikanyaga upesi zaidi.

Choo cha shimo kwa mtu wa mkono mmoja kina hatari kuliko barabara. Pateni kiti cha mbao kizito chenye tundu, kikae juu ya shimo bila kuyumba, na nguzo ya kushikia ifungwe ukutani. Mwambieni fundi jambo hili moja: nguzo iwe kulia kwake akiwa ameketi anatazama mlango. Mafundi wengi huifunga wakiwa wamesimama mlangoni wakitazama ndani, mgonjwa akigeuka kukaa nguzo inakuwa kushoto, upande wa mkono usioshika. Mlangoni pia pawe na ya kuingilia. Sakafu ikauke kabla hajaingia, asiingie mara tu baada ya mtu kuoga.

Boda boda kwa kukaa upande, hapana. Akipanda taxi, akae kiti cha mbele, fimbo iwe mkononi mwake wala si kwenye buti.

Mahali pa kwenda

Anzeni hospitali ya Tororo kwa ajili ya presha na ule mkono. Ombeni barua ya kwenda fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya Mbale, ambayo si mbali nanyi na ina karakana ya vifaa vya viungo. Nendeni na viatu vyake, gongo la mjomba, dawa zote, na kipimo chenu cha tepu kimeandikwa. Kama kaka anataka kusaidia kutoka Kampala, anaweza kuuliza fimbo hospitali ya Mulago au ile ya CoRSU iliyoko Kisubi, njia ya Entebbe, lakini asinunue kabla ya kupewa kipimo na kuambiwa "mkono wa kulia". Pesa zikiwa shida, mwoneni diwani anayewakilisha watu wenye ulemavu katika baraza la gombolola (kata ndogo) lenu. Huwa anajua vifaa vya msaada vinapokuja na orodha inaandikwa wapi.

Gongo la mjomba linaweza kumfaa mtu mrefu mwenye mikono miwili, likipata raba halisi na misumari yote ikitolewa. Kwa mama libaki kumbukumbu.

Usiku fimbo isimame kulia mwa kitanda, mahali mkono unapofika akiwa amelala, na tochi iwe hapo hapo. Mkeka ulio kati ya kitanda na mlango utoeni leo.